Paa za asbesto Dodoma zinashushwa kwa nyundo: tuidai sheria kabla bati la kwanza halijaguswa

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa linaninyima raha, uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie, hasa nyie mlioko kwenye ujenzi na nyie mnaoishi jirani na nyumba za zamani ambazo kila siku zinabomolewa hapa mjini.

Ninapokaa kuna nyumba ya watumishi ya zamani, zile zilizojengwa baada ya Serikali kuamua mwaka 1973 makao makuu yaje Dodoma. Kuta nene, veranda ndogo mbele, paa la mawimbi la kijivu limeota ukungu mweusi. Wazee wa mtaa wanaliita bati la simenti, ndo hilo hilo la asbesto. Sasa kile kiwanja kimeuzwa inakuja ghorofa, na siku ya kubomoa nilikuwepo nyumbani nina likizo, nimeona mwanzo mpaka mwisho.

Saa mbili asubuhi vijana wanne wako juu, kandambili miguuni, mmoja kajifunga fulana puani basi. Hawafungui msumari hata mmoja, wanapiga bati pembeni ya msumari kwa nyundo linapasuka alafu wanasukuma vipande vinashuka hadi kwenye zege la uani, paa! kinatimka kiwingu cha vumbi jeupe. Na ni mwezi wa saba, upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua, unatoka asubuhi haupumziki mpaka jioni. Ng'ambo ya barabara kuna mama anauza chai na chapati, nikamuona anavuta kanga anafunika beseni lake la chapati, yeye mwenyewe hajafunika kitu. Saa nane watoto wakarudi shule wakaokota vipande wakaanza kuchorea barabarani, maana kile kitu kinachora kama chaki.

Nikasogea upande ambao upepo unatoka nikainama kuangalia kipande kimoja bila kukigusa. Pale kilipovunjika ukingoni nyuzi nyeupe zimechomoza kama kamba ya katani iliyochanuka, ila nyembamba mno, nyembamba kuliko nywele ya mtoto mchanga. Na hizo ni zile zinazoonekana kwa macho. Zinazoua hazionekani.

Nikaongea na msimamizi, kijana mstaarabu tu, akanisikiliza akasema kaka hii ni simenti, alafu tumepewa siku mbili paa liwe chini. Nikapiga simu ofisi moja inayohusika (sitaji jina, nia yangu sio kumchafua mtu), wakachukua maelezo vizuri, wakaja siku ya nne. Paa halipo, fuso lilishabeba. Kilichobaki ni vipande vichache ambavyo watu wa mtaa wameshaezekea banda la kuku na kuzibia choo.

Sasa kwa ambao hawajui naelezea kwa ufupi. Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi yanayochimbwa ardhini, hayaungui, hayaozi, ndo maana dunia nzima iliyapenda. Bati za simenti za zamani kwa kawaida zina asbesto kama asilimia 10 hadi 15, kilichobaki ni simenti. Ipo pia kwenye baadhi ya siling'i bodi za zamani, mabomba ya maji ya zamani ya simenti, vigae vya plastiki vya sakafuni, vifuniko vya joto vya boila, na breki za magari. Ukiivuta zile nyuzi ndogo zinaenda mpaka mwisho wa mapafu na mwili hauwezi kuziyeyusha, zinakaa. Baada ya miaka 20, 30, hata 40, mapafu yanaanza kukakamaa, au inakuja saratani ya mapafu, au ile saratani ya utando unaozunguka mapafu ambayo kisababishi chake kikubwa ni hii hii asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani na linakadiria vifo zaidi ya 200,000 kwa mwaka kwa watu waliokutana nayo kazini. Mvuta sigara aliyefanya kazi hiyo hatari yake ya saratani ya mapafu inapanda mara nyingi zaidi.

Miaka 30 ndo tatizo lenyewe wakuu. Tofali likimwangukia kijana leo, leo hii sait inasimama, polisi wanakuja, kontrakta anatafutwa. Huyu wa asbesto anashuka salama jioni analipwa elfu yake kumi na tano anaenda kula wali maharage, na siku akianza kukosa pumzi hakuna anayekumbuka hata ile nyumba ilikuwa wapi.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inambana mwajiri kumkinga mfanyakazi na hatari, na mkaguzi wa OSHA, wale wakala wa usalama na afya kazini, ana nguvu ya kusimamisha kazi palepale akiona hatari. Sheria ya Mazingira Na. 20 ya 2004 inagusa taka hatarishi, na NEMC wasimamizi wa mazingira wapo. Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatarishi, ambao sisi ni wanachama, unaiweka taka ya asbesto kwenye orodha yake kwa alama Y36. Mtu akiugua kwa sababu ya kazi kuna Sheria ya Fidia ya 2008 na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Kwa hiyo msiniambie hatuna sheria.

Ninachosema mimi ni hiki: usimamizi wetu unakuja mwisho, baada ya vumbi. Na vumbi la asbesto likishapaa hakuna faini inayolirudisha. Nyuzi nyepesi zinaelea hewani masaa na masaa, zikitua upepo unazinyanyua tena. Mkaguzi akija siku ya nne anakagua kiwanja kitupu. Kwa hiyo mlango wa kukaba uko mbele, pale kwenye kibali cha kubomoa na pale kwenye karatasi za tenda. Uingereza ambako walishapiga marufuku asbesto yote toka 1999 bado huruhusiwi kubomoa jengo la zamani bila kwanza kupita mtu mwenye ujuzi akaangalia asbesto iko wapi, na kwa zile kazi hatari zaidi zinazohitaji leseni wanatoa taarifa siku 14 kabla. Marekani ni siku 10 za kazi kabla ya kubomoa. Taarifa KABLA. Mkaguzi anajua tarehe, anaweza kuja paa likiwa bado juu.

Sisi hapa jiji linatoa vibali vya ujenzi kila wiki. Naomba swali moja tu liongezwe kwenye fomu: jengo linalobomolewa lina bati za simenti za zamani? Ndiyo au hapana. Kama ndiyo basi kibali kisitoke mpaka ionekane nani anazitoa, kwa njia gani, na zinaenda kuzikwa wapi, na nakala iende OSHA na NEMC wakiwa na tarehe mkononi.

Karibuni tujadili.

fundi_kizota:
Mkuu umenigusa pabaya. Mi nimeezua hizo paa toka nikiwa saidia fundi 2004, sio Dodoma tu, Mpwapwa, Kilosa, Morogoro kote huko. Tulikuwa tunakata na grenda kavu kavu, ukimaliza mwili mzima mweupe kama umetoka mashine ya unga, unajikung'uta unapanda daladala unaenda nyumbani. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kutuambia. Sasa hivi nina miaka 41 nikipanda ngazi nahema. Nifanye nini?

Mtoa uzi:
Pole sana kaka na asante kwa kusema wazi. Kuhema kunaweza kuwa vitu vingi, presha, pumu, hata uzito, usijihukumu mwenyewe. Pia sio kila aliyekutana na lile vumbi anaugua, inategemea sana ulivuta kiasi gani na kwa miaka mingapi. Ila nenda hospitali, na ukifika usiseme tu nakohoa, mwambie daktari nimekata bati za asbesto kwa grenda miaka kadhaa, aandike kwenye faili. Hilo ni muhimu kwa sababu kwetu mtu akikohoa na kukonda wazo la kwanza ni TB, na daktari asipoambiwa kazi yako hana njia ya kujua. Kama unavuta sigara acha leo. Na tafadhali, kaa chini uandike kwenye daftari sehemu ulizofanya, mwaka, na mlikuwa na nani. Kibarua hana mkataba hana payslip, siku ikifika ya kudai haki hilo daftari ndo ushahidi wako.

mgogo_og:
Jamani tuache kutishana, mi nimezaliwa chini ya paa la hivyo hapa hapa Dodoma, nimekulia hapo, mama yangu ana miaka 78 bado analima mtama. Mngekuwa mnasema kweli tungeshaisha wote.

Mtoa uzi:
Kaka hujakosea kuhusu mama, Mungu amzidishie. Bati likiwa zima, nyuzi zimeshikwa na simenti, kulala chini yake hatari yake ni ndogo sana. Sijaandika popote kwamba watu wahame. Shida inaanza unapolikata, kulitoboa, kulisugua kwa brashi ya waya, au kulivunja. Ndo maana nasema siku ya hatari kuliko zote kwenye maisha ya lile paa ni siku linapotoka. Mama amekaa chini yake miaka yote hiyo salama, usije ukamletea vijana wa nyundo.

mama_makole:
Naomba kuuliza kaka zangu. Sisi maji ya mvua tunakinga kutoka kwenye paa la hivyo, Dodoma yenyewe mvua ni miezi minne au mitano huwezi kuacha yapotee. Tunakunywa sumu? Alafu mume wangu ni fundi, nguo zake nafua mimi.

Mtoa uzi:
Dada, kwa maji usilale na wasiwasi. Shirika la Afya Duniani halijaweka hata kikomo cha asbesto kwenye maji ya kunywa kwa sababu ushahidi kwamba kuimeza kunadhuru ni dhaifu, hatari iliyothibitika ni ya kuivuta kwa pumzi. Acha maji ya mwanzo ya mvua yamwagike kabla hujaelekeza kwenye tanki, na tope la chini ya tanki litolewe likiwa bichi, lisianikwe juani likawa vumbi.

Nguo ndo jambo zito. Huko nchi za viwanda kuna wake za wafanyakazi waliougua na hawakuwahi kukanyaga kiwandani, walikuwa wanakung'uta na kufua ovaroli za waume zao. Kwa hiyo shemeji siku akishika paa la zamani abadilishe hukohuko sait, nguo iloweshwe kwenye ndoo kabla ya kusafirishwa, isikung'utwe, isichanganywe na nguo za watoto.

qs_ihumwa:
Mimi ni mkadiriaji majenzi, niseme ukweli ambao wenzangu hawatapenda. Kwenye BOQ (ile orodha ya kazi na bei zake kwenye tenda) nyingi za ukarabati kipengele kinaandikwa "ondoa paa lililopo na utupe nje ya eneo la kazi", bei ya jumla, mstari mmoja. Hakuna neno asbesto. Sasa wakija wazabuni watano, yule anayejua sheria anaweka humo barakoa za maana, ovaroli za kutupa, plastiki, boza la maji, siku tano badala ya mbili, usafiri maalum. Yule asiyejua au anayejifanya hajui anaweka vijana wanne na nyundo. Tenda inaenda kwa bei ya chini. Yaani mfumo unamwadhibu anayefuata sheria, na tukishampa yule wa bei ya chini ndo tunamtumia mkaguzi akamlaumu.

Mtoa uzi:
Mkuu hapo umegonga msumari wenyewe, hii ndo nilikuwa naitafuta. Sasa dawa yake kitaalamu ni nini?

qs_ihumwa:
Mteja atenganishe hiyo kazi. Kwanza paa lipimwe kabla ya tenda, idadi ya bati iandikwe. Pili kiasi cha fedha cha kuondoa asbesto akiweke mteja mwenyewe kwenye BOQ, kiwe sawa kwa kila mzabuni, ili watu washindane kwenye kazi nyingine na sio kwenye mapafu ya vibarua. Tatu malipo ya kipengele hicho yasitoke mpaka ije hati ya kuonyesha mzigo umepokelewa wapi, bati ngapi zimetoka na ngapi zimezikwa. Kontrakta anaweza kumkwepa mkaguzi lakini hawezi kukwepa cheti cha malipo. Mengi ya haya majengo ni ya Serikali yenyewe, shule, nyumba za watumishi, zahanati, kwa hiyo mteja mmoja akibadilika nusu ya tatizo imeondoka.

fundi_kizota:
Na sisi mafundi mtufundishe njia yenyewe basi, maana hata nikiambiwa usivunje, bati limekaa miaka 40 msumari umeota kutu hautoki, nafanyaje?

Mtoa uzi:
Swali zuri sana. Nimeuliza watu wanaoijua kazi na nimesoma, naeleza ninavyoelewa, ila hii haimfanyi mtu kuwa mtaalamu, kazi kubwa lazima awepo msimamizi aliyefunzwa.

Kwanza maji. Lowesha bati kabla ya kuligusa, maji ya kunyunyiza polepole yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ili yapenye, sio presha ya mashine ya kuoshea magari maana ile inachimbua nyuzi. Endelea kulowesha unavyofanya kazi. Msumari wenye kutu ukate kichwa kwa koleo la kukatia au ukate kwa msumeno wa chuma wa mkono, kata msumari usikate bati, grenda isipande juu kabisa. Bati lishushwe zima kwa mikono au kwa kamba, lisitupwe. Na usikanyage bati lenyewe, ni la zamani linapasuka ghafla na mtu anatumbukia, weka mbao za kutembelea juu ya kenchi, watu wengi wameumia kwa kuanguka tu kabla hata ya habari za vumbi.

Chini tandika plastiki nene. Bati zifungwe kwenye plastiki mara mbili, zibandikwe utepe wa gundi pande zote, uandike kwa maandishi makubwa ASBESTO HATARI USIFUNGUE. Vipande vidogo viokotwe vikiwa vimelowa. Usifagie kwa ufagio mkavu, futa kwa tambara bichi na tambara liende humo humo kwenye mzigo. Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali haisaidii kitu, inatakiwa ile iliyoandikwa FFP3 au yenye chujio la P3, na ikae imebana uso, ndevu zinaipitisha hewa pembeni. Na msichome moto, asbesto haiungui, bati linapasuka kwenye moto linarusha vipande.

mzee_kongwa:
Mbukwenyi wanangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule kijijini kwetu. Tuna madarasa mawili ya paa hizo, moja linavuja kona. Wazazi wametaka kujitolea Jumamosi wapande waparue ukungu kwa brashi ya waya wapake rangi, wengine waliomba zile zilizopasuka wakafanyie mazizi ya mbuzi. Nilitaka kuwaunga mkono. Sasa nimesoma huu uzi nimeahirisha. Mnanishauri nini?

Mtoa uzi:
Mbukwenyi mzee wangu, umefanya jambo kubwa kuahirisha. Brashi ya waya isiguse hilo paa. Darasa ambalo bati ni zima liacheni kwanza, watoto wasipande, wasipige mawe wala mpira juu. Lile linalovuja watoto wahamishwe, vipande vilivyoanguka viloweshwe viwekwe ndani ya plastiki vifungiwe stoo. Alafu mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri barua, nakala OSHA na NEMC, mtaje idadi ya bati na mpige picha, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ni muhimu mzee. Na vipande visiende kwenye mazizi, kwato za mbuzi zitasaga ile kitu kuwa unga.

mama_makole:
Mimi banda langu la kuku nimeezekea hizo. Nitatoa?

Mtoa uzi:
Kama zimetulia na hazijapasuka acha dada, usihangaike nazo leo. Siku ya kutoa utoe kwa maji kama nilivyoeleza. Watoto wasichezee tu.

Mtoa uzi (nyongeza, wiki mbili baadae):
Wakuu nimerudi na mrejesho. Kiwanja cha pili mtaani kwetu kina nyumba ileile ya zamani, mwenye kiwanja ni mama mmoja mtu mzima, nikaenda kumsalimia nikamsomea maneno ya qs_ihumwa kuanzia mwanzo. Akakaa kimya alafu akauliza, "hao vijana wana watoto?" Kesho yake akamuita kontrakta wake akamwambia paa litoke kwa maji na yeye atalipa zile siku za ziada.

Jumamosi nimeshinda pale. Boza moja la maji lilitosha na likabaki. fundi_kizota alikuja mwenyewe kuwaelekeza, barakoa imembana, yuko juu ya mbao anakata vichwa vya misumari kimoja kimoja. Bati 64. Zilizopasuka ni tatu tu na zilipasuka zikiwa zimelowa chapa. Mama wa chai alihamisha meza yake mapema tulipomwambia, akarudi Jumapili. Uani hapakuwa na kile kiwingu.

Mzigo mpaka leo uko palepale nyuma ya ukuta, umefungwa plastiki mara mbili, umeandikwa. Tumepeleka barua kuuliza uzikwe wapi kihalali, maana hatutaki uende dampo ukamwagwe juu juu pale waokota chupa wanapopita. Muhuri wa kupokelewa tunao, una tarehe ya Jumatatu. Majibu ya maandishi bado. Kila asubuhi nikipita nachungulia kama plastiki haijachanika.